Uzi: Mhitimu wa lishe anajua gramu, lakini je, anajua upawa? Tujadili namna ya kuwaandaa wanafunzi wa shahada

Mlezi wa Wadi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Nasimamia wanafunzi wa shahada ya lishe wanaoletwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, na kila kundi jipya linapofika huwapa wanafunzi kazi ile ile asubuhi ya kwanza. Huwapa mgonjwa wa kubuni: mwanamume wa kilo 60, figo zimeshindwa, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Huwataka waniandikie chakula chake cha siku moja. Hesabu wanaiweza vizuri. Wengi wanakumbuka kwamba mgonjwa anayesafishwa damu anahitaji protini ya gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 60 hadi 72 kwa siku kwa huyu wetu, na kwamba kiasi hicho ni karibu mara mbili ya kile anachoshauriwa mgonjwa wa figo ambaye bado hajafikia hatua ya kusafishwa. Wanajua potasiamu, madini ambayo figo zilizoshindwa haziyatoi vizuri, idhibitiwe, chumvi ipungue na maji yapimwe. Kisha nauliza: mke wake ampakulie nini saa saba mchana? Hapo kalamu zinasimama.

Jibu ninalopata mara nyingi ni «chakula chenye protini ya kutosha na potasiamu kidogo». Hakuna genge linalouza kitu hicho. Mke wa mgonjwa anajua maharage, dagaa, mchicha, viazi na ndizi za kupika, na karibu kila kimoja kina mgogoro wake: maharage yanaleta protini pamoja na potasiamu nyingi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosforasi nyingi, na wale waliokaushwa kwa chumvi ni tatizo juu ya tatizo. Mtu aliyeandaliwa kwa kazi hii angemwambia mama huyo kwamba yai moja lina protini ya gramu 6 hivi, kwamba kipande cha samaki mbichi au cha kuku ni bora kwa mumewe kuliko bakuli la maharage, kwamba viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vilowekwe, kisha vichemshwe kwa maji mengi na maji hayo yamwagwe, wala mchuzi wake usinywewe. Na angeuliza kwanza kama nyumbani pana uwezo wa kununua samaki hao zaidi ya mara mbili kwa wiki, kwa sababu ushauri usiolipika mezani unaishia kwenye daftari la mshauri.

Hoja yangu ni moja. Shahada zetu zinamwandaa kijana kuvijua virutubishi, ilhali kazi itakayomlipa mshahara, awe wadini au katika halmashauri, ni kubadilisha kinachopakuliwa kwenye sahani ya mtu ambaye hajui wala hahitaji kujua virutubishi ni nini. Umbali kati ya mambo hayo mawili tumemwachia mhitimu auvuke peke yake baada ya kuajiriwa.

Sababu zake zinaeleweka. Fani hii kwetu Tanzania ilikulia zaidi upande wa kilimo, sayansi ya chakula na afya ya jamii. Shahada ya lishe ya binadamu inayofahamika zaidi nchini inafundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilizaliwa wakati adui mkubwa akiwa utapiamlo wa watoto vijijini. Kazi hiyo haijaisha. Lakini siku hizi mhitimu huyo huyo anaitwa kliniki ya kisukari, wadi ya waliopasuliwa tumbo, kitengo cha saratani na chumba cha kusafishia damu, na huko kote anakutana na daktari anayetaka jibu kabla raundi haijaisha.

Jambo jingine ni kwamba vitabu vya lishe tiba tunavyofundishia vinachukulia hospitali ina jiko lake, na kwamba mtaalamu wa lishe akiandika mlo, jiko litaupika. Katika hospitali zetu nyingi chakula cha mgonjwa kinaletwa na ndugu kwenye hotpoti. Kwa hiyo jiko letu limetawanyika katika mitaa yote ya mji, na wapishi wake tunawaona kwa saa moja au mbili za kuona wagonjwa. Mwanafunzi anayesaini saa mbili asubuhi na kuondoka saa tisa na nusu hajawahi kuiona hotpoti ikifunguliwa. Mimi wangu nawataka wawepo jioni, wanalalamika, lakini ndipo wanapojifunza kazi.

Karibuni kwa mawazo, hasa walioajiriwa karibuni na wanaofundisha vyuoni.


Mwaka wa Tatu

Shikamoo Mwalimu, na asante kwa uzi huu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya lishe. Biokemia tumesoma kwa kina, fiziolojia pia, takwimu pia, na maabara ya sayansi ya chakula tumepima unyevu na majivu ya unga mara nyingi. Lakini kupika kwa kupima, yaani kuanza na unga mkavu na kumaliza na sahani ambayo unaweza kusema ina wanga kiasi gani, hatujafanya. Katika mafunzo ya vitendo, kituo nilichopangiwa kilinikabidhi mizani ya watoto na rejista, nikawa napima uzito na kujaza rejista kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Sijamweleza mzazi hata mmoja maana ya uzito wa mwanawe, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alitaka namba tu.

Swali langu ni hili: mwanafunzi ambaye chuo chake hakimpi nafasi hizo afanye nini mwenyewe kabla ya kumaliza?


Mlezi wa Wadi

Marahaba, mwanangu. Anza na ugali, kwa kuwa ndio utakaoulizwa na kila mgonjwa wa kisukari.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Pima gramu 250 za unga wa sembe, ambazo zina wanga wa gramu 190 hivi. Songa ugali kama unavyosongwa kwenu, si kama kitabu kinavyosema, kisha upime ukiwa tayari. Utakuta umepata uzito mkubwa kuliko ule wa unga kwa sababu ya maji, na uwiano huo unabadilika kati ya ugali mlaini wa nyumba moja na mgumu wa nyumba nyingine. Sasa mwite kaka yako au mtu wa bodaboda, mwambie ajikatie kiasi anachokula siku zote, ukipime. Gawanya. Ukijua kwamba gramu 20 za unga mkavu zinabeba karibu gramu 15 za wanga, ambazo ndizo kipimo kimoja katika mifumo mingi ya kuhesabu wanga, utaona mwenyewe kwamba mlo mmoja wa mchana wa mwanamume wa kazi za nguvu unaweza kubeba vipimo vinane au zaidi kabla hujaweka mboga. Rudia kwa wali, ndizi, viazi vitamu na chapati. Rudia pia kwa mafuta, kwa maana kijiko cha mafuta cha mama mmoja ni vijiko vitatu vya mwingine.

Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yalitolewa mwaka 2008, na Kenya wana yao ya mwaka 2018. Pata yote mawili, uyazoee, na ujifunze kutofautisha chakula kibichi na kilichopikwa kwenye safu zake, kwa sababu nimeona mahesabu mazuri sana yaliyoharibika kwa kusoma safu ya maharage makavu kwa ajili ya maharage yaliyokwisha kuchemshwa.

La pili ni maandishi. Jifunze kuandika kwenye faili la mgonjwa kwa hatua nne zinazotumika duniani: tathmini, utambuzi wa tatizo la lishe, afua, na ufuatiliaji. Utambuzi ndio unaowashinda wengi. «Mgonjwa ana kisukari» ni utambuzi wa daktari. Wa kwako ni kama huu: ulaji wa wanga kupita kiasi, unaotokana na kutojua ukubwa wa kipimo, unaothibitishwa na maelezo ya mlo wa saa 24 na sukari iliyopimwa kliniki. Sentensi ya namna hiyo inamwambia daktari kwa nini umekuja na utapima nini wiki ijayo.


Afisa Lishe Nyanda za Juu

Ndugu Mlezi, nakuunga mkono nusu. Umeandika kama vile hospitali ndiyo fani nzima, wakati ajira ambayo wengi wa wahitimu wetu huitazamia kwanza ni ya halmashauri, na huko hotpoti haipo kabisa.

Nafanya kazi katika ukanda unaolisha nchi. Takwimu za utafiti wa afya wa mwaka 2022 zinasema udumavu, yaani watoto wa chini ya miaka mitano kuwa wafupi kuliko umri wao, kitaifa ni asilimia 30, baada ya kuwa asilimia 34 miaka ya 2015 na 2016. Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa ya mahindi, viazi na maharage. Mwanafunzi anayetoka chuoni akiamini kwamba utapiamlo ni upungufu wa chakula ghalani anafika kwetu na kuduwaa, kwa sababu ghala limejaa na mtoto ni mfupi. Anayeweza kufanya kazi hapa ni yule aliyefundishwa kuuliza mama anaamka saa ngapi kwenda shambani, nani anabaki na mtoto wa miezi minane, huyo mtoto analishwa mara ngapi mpaka jioni, uji wake ni mzito kiasi gani, na yale maharage yaliyouzwa yamerudi nyumbani kama nini. Hayo ni maswali ya lishe, na majibu yake hayamo kwenye jedwali la viinilishe.

Halafu kuna jambo ambalo sikulisikia chuoni hata kwa bahati mbaya: bajeti. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani, na utekelezaji wa mkataba wa lishe, ambao wakuu wa mikoa huusaini na serikali kuu, unapimwa kwa viashiria hadi ngazi ya mkoa. Kutenga ni jambo moja na kutoa fedha ni jingine. Afisa lishe kijana anaingia kikao cha mpango na bajeti akiwa na mstari unaosema «kutoa elimu ya lishe kwa jamii», na mstari huo ndio wa kwanza kukatwa mapato yakipungua, kwa kuwa hakuna ajuaye ukikatwa utamuumiza nani. Anayeandika kwamba fedha hizo zitaendesha Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka katika vijiji vilivyotajwa kwa majina, zitanunua tepe za kupimia mkono idadi fulani na mafuta ya pikipiki ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, huyo mstari wake una watetezi ukumbini, maana diwani wa kata ya kila kijiji kilichotajwa yupo pale na anasikiliza.

Kwa hiyo nami nina mtihani wangu wa asubuhi ya kwanza: mwanafunzi aniandikie shughuli moja kama itakavyoingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, kuanzia lengo hadi gharama. Wengi hawajawahi kuusikia mfumo huo, na ndio watakaoutumia kila mwaka wa maisha yao ya kazi.


Muuguzi Wadi ya Watoto

Naomba niongeze upande wa usiku, kwa sababu naona wataalamu mnabishana kuhusu mchana.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali na matatizo mengine anapolazwa, anaanzishiwa maziwa ya tiba ya F-75, ambayo yana kilokalori 75 na protini chini ya gramu moja katika kila mililita 100. Wanafunzi wenu wanajua hili. Wanajua pia kukokotoa: mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe mkubwa, mililita 130 kwa kilo kwa siku, jumla 780, akilishwa kila baada ya saa mbili ni mililita 65 kwa mlo. Wanaandika vizuri kwenye chati, wanaondoka. Mlo wa saa nane usiku nani anautoa? Wa saa kumi alfajiri je? Mama amechoka, mtoto hataki kumeza, muuguzi ni mmoja na wadi imejaa. Asubuhi mwanafunzi anaikuta chati ina mapengo na anashangaa kwa nini sukari ya mtoto imeshuka.

Kuna kosa jingine ambalo ni la huruma. Bibi anamwona mjukuu amekonda, anaona vile vikombe vidogo kama dhihaka, anampa uji mzito aliokuja nao. Mwili wa mtoto yule katika siku za kwanza hauwezi kuubeba mzigo huo. Moyo na madini ya damu vinaweza kuyumba hadi akafariki akiwa «analishwa». Kumweleza bibi jambo hili bila kumdhalilisha, kwa lugha yake, huku ukimpa nafasi ya kushika kikombe na kulisha yeye mwenyewe, ni ujuzi unaofundishika, ila haufundishiki kwa slaidi. Mleteni mwanafunzi alale zamu ya usiku walau chache. Atakachojifunza kuhusu F-75 hakitamtoka.


Lishe Nairobi

Wenzangu, kwetu Kenya baadhi ya haya tumeyashughulikia kwa sheria. Sheria ya Wataalamu wa Lishe na Dayatetiki ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda taasisi tunayoiita KNDI, na mwanafunzi anafahamika na taasisi hiyo angali chuoni. Akihitimu kuna mtihani wa kitaaluma, kisha usajili na leseni. Kufanya kazi hii bila kusajiliwa ni kosa kisheria.

Faida yake naiona zaidi upande wa chuo kuliko upande wa mhitimu. Chuo kikijua wanafunzi wake watakalishwa kwenye mtihani wa nje ambao una maswali ya wadini, kinalazimika kutafuta hospitali za kuwapeleka. Lakini nisiwadanganye kwamba leseni inamfundisha mtu kupakua. Mtihani ni wa karatasi, na wapo wanaoufaulu vizuri sana ambao ukiwaweka mbele ya mgonjwa wa mtaa wa mabanda wa Kibra anayekula sukuma wiki na ugali jioni tu, mlo mmoja kwa siku, watamshauri ale milo mitatu na vitafunwa viwili. Umaskini wa mgonjwa ni sehemu ya tathmini, na hilo halina alama kwenye karatasi.


Msomaji Ughaibuni

Kwa wale wanaowaza kuja kufanya kazi huku Marekani, jueni mapema. Tangu tarehe 1 Januari 2024, anayetaka kukalia mtihani wa usajili wa wataalamu wa lishe tiba lazima awe na shahada ya uzamili, na programu za mafunzo zinadai saa zisizopungua 1,000 za vitendo chini ya msimamizi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya fani hii lenyewe linaweka kiwango cha chini cha shahada ya kwanza na saa 500 za vitendo. Tunzeni kumbukumbu za saa zenu zikiwa zimesainiwa, zikionyesha wadi gani na kazi gani, maana «nilifanya mafunzo ya vitendo hospitalini» hakumsaidii mtu anayepitia maombi yako.


Mhadhiri

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu yaliyosemwa, ila naona lawama yote imetua chuoni, kwa hiyo nijibu.

Mtaala hauongezwi kozi kwa kupenda. Ukitaka kuingiza zamu za usiku, upishi wa vipimo na bajeti ya halmashauri, lazima useme unaondoa nini, na marekebisho hayo yapite ngazi zote za chuo hadi Tume ya Vyuo Vikuu. Biokemia siiondoi, kwa sababu bila hiyo Mlezi hangeweza kumweleza mwanafunzi kwa nini F-75 ina protini kidogo. Darasa ni kubwa, hospitali zinazotupokea ni chache, na hospitali hizo hizo zinapokea wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasi kabla ya wetu. Hospitali nyingine ina mtaalamu wa lishe mmoja tu. Nikimpelekea wanafunzi kumi atawasimamiaje?

Niambieni kinachoweza kufanyika kwa darasa nililo nalo, muhula ujao.


Mlezi wa Wadi

Mwalimu, hoja yako ni ya haki na nitaijibu kwa yale tu yanayowezekana bila kibali cha mtu.

Upishi wa vipimo hauhitaji kozi mpya. Maabara ya sayansi ya chakula unayo, na vipindi vyake viko kwenye ratiba. Geuza vitatu au vinne kati ya hivyo: badala ya kupima majivu ya unga kwa mara ya pili, wasonge ugali na kuupima. Gharama ni unga na mkaa.

Mtihani wa vitendo pia unao mikononi mwako. Weka meza yenye upawa, bakuli, kikombe cha chai, kijiko cha mezani na vyakula halisi vilivyopikwa. Mwanafunzi apewe mgonjwa kwenye karatasi, apakue mlo mmoja, kisha amweleze «ndugu wa mgonjwa» kwa dakika tano kwa nini amepakua hivyo. Ndugu huyo achezwe na mpishi wa kantini ya chuo au mama lishe wa jirani, asiwe mhadhiri, kwa kuwa mhadhiri ataelewa hata maelezo mabaya. Mwisho wa dakika tano mpishi aulizwe atapika nini kesho. Akijibu sawa, mwanafunzi amefaulu, na kama hajui, alama za fiziolojia hazimwokoi. Kwa darasa kubwa itachukua siku mbili tatu, nakubali, na utahitaji wasaidizi.

Kuhusu mtaalamu mmoja na wanafunzi kumi, usimletee kumi kwa wakati mmoja. Wagawe kwa zamu za asubuhi, jioni na usiku, wawili wawili, na wale wa jioni na usiku wawe chini ya muuguzi mkuu wa zamu. Muuguzi aliyeandika hapo juu ameshatuonyesha kwamba kuna mambo anayafundisha vizuri kuliko sisi. Waliobaki wawe kwa afisa lishe wa halmashauri iliyo karibu, hasa miezi ambayo mipango ya mwaka unaofuata inaandaliwa, kisha wabadilishane.

Afisa Lishe wa Nyanda, nimekubali kwamba nilielemea hospitalini. Ukiwa tayari, tuandikie hapa mfano wa ile shughuli moja ya PlanRep, ukiondoa jina la halmashauri, ili Mwaka wa Tatu na wenzake waanze nayo wiki hii.


Afisa Lishe Nyanda za Juu

Nitauweka Jumamosi, ukiwa na safu ya gharama. Mwaka wa Tatu, wakati unasubiri, nenda ofisi ya kijiji au mtaa wenu uulize mara ya mwisho Siku ya Afya na Lishe ilifanyika lini na nani aliilipia. Njoo na jibu.